Ombi lako la kazi nje linakwama wapi? Dalili, vyanzo na tiba kwa anayehitaji udhamini wa viza

Malalamiko ya wanaotafuta kazi nje yanafanana sana. Huyu ametuma maombi tangu mwaka jana na hajapata hata barua ya kukataliwa. Yule alifika usaili wa mwisho, akataja viza, mawasiliano yakakatika. Mwingine anayo barua ya ofa mkononi, pamoja na wakala anayempigia kila jioni alipe kabla ya Ijumaa. Na wote watatu wanapewa ushauri uleule: rekebisha CV. Ushauri huo unaweza kumsaidia mmoja wao, tena kidogo.

Ombi la mtu anayehitaji udhamini, yaani mwajiri wa kumsimamia apate viza, hupita vizuizi vingi kabla hajapatikana wa kusoma anachokijua. Je, mwajiri anaruhusiwa kudhamini? Kazi yenyewe inadhaminika? Mshahara unafika kiwango? Cheti kinatambulika? Ukikwama kwenye kizuizi cha kwanza, CV iwe nzuri namna gani haitakuvusha. Fundi bomba hafukui mtaa mzima; anafungua koki moja baada ya nyingine mpaka ajue maji yanakatikia wapi. Soma dalili yako hapa chini, anza na chanzo cha kwanza maana ndicho kinachowapata wengi, ukishakiondoa ndipo uende cha pili.

Mifano mingi ni ya Uingereza na Ujerumani, na nchi za Ghuba zinaingia pale penye hatari zake. Viwango vya pesa nimeviwekea tarehe kwa makusudi. Vinabadilika mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya serikali husika siku ileile unayotuma ombi.

## Dalili: kimya kirefu, au unakataliwa muda mfupi baada ya kutuma

Tazama saa. Ukituma saa nne usiku na barua ya kukataliwa ikaingia saa nne na dakika kumi, ujue hakuna binadamu aliyekusoma.

Chanzo kinachoongoza ni swali la udhamini. Fomu nyingi za mtandaoni zinauliza mambo mawili: kama tayari una haki ya kufanya kazi nchini humo, na kama sasa au baadaye utahitaji udhamini. Kampuni iliyoamua kutodhamini huuelekeza mfumo wake uwatupe nje wote waliojibu ndiyo. Wengi wakishagundua hilo hujaribu kujibu hapana ili wapenye. Usifanye hivyo. Kabla hujaanza kazi Uingereza, mwajiri analazimika kukagua haki yako ya kufanya kazi, na tangu Februari 2024 faini ya kuajiri mtu asiye na haki hiyo inafika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi kwa kosa la mara ya kwanza. Hakuna atakayekufumbia macho. Utapoteza ofa, na jina lako litabaki kwenye kumbukumbu za kampuni hiyo kama mtu aliyedanganya.

Tiba iko kwenye kuchagua unakopeleka ombi. Serikali ya Uingereza inachapisha kwenye GOV.UK orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi. Ni faili la jedwali, linapakuliwa bure na huhuishwa mara kwa mara. Lifungue kwenye kompyuta, tafuta jina la kampuni, kisha usiishie kwenye jina. Angalia safu ya mwisho inayotaja njia ya viza. Unatafuta maneno Skilled Worker, yaani viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Kampuni nyingine zina leseni ya wasanii tu, au ya kuhamisha watumishi wao kutoka matawi ya nje, na leseni hizo hazikusaidii chochote wewe uliye Mwanza au Kisumu.

Jina nalo linachanganya. Hoteli unayoiona kwenye tangazo inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina tofauti kabisa la kampuni mama. Shuka hadi chini kabisa ya tovuti yao, pale penye maandishi madogo, uchukue jina la kisheria, ulihakikishe kwenye Companies House, rejesta ya makampuni ya Uingereza (ni bure), halafu urudi kwenye orodha. Na ukilikuta, kumbuka kwamba kuwa na leseni si ahadi ya nafasi. Kuna wenye leseni waliyoichukua kwa ajili ya mtu mmoja tu aliyekuwa tayari ndani ya nchi.

Chanzo cha pili: kazi yenyewe haidhaminiki. Hiki kinaumiza kwa sababu mtu anaweza kuhangaika mwaka mzima bila kukijua. Tangu tarehe 22 Julai 2025, viza ya Skilled Worker inahitaji kazi ya ngazi ya shahada, ukiacha orodha fupi ya muda ya kazi zenye upungufu, na kiwango cha kawaida cha mshahara kilipanda hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Kila kazi pia ina kiwango chake, na unatakiwa kulipwa kile kilicho juu zaidi kati ya hivyo viwili. Walio chini ya miaka 26 na baadhi ya wahitimu wapya wana nafuu, pauni 33,400. Watumishi wa afya wanaolipwa kwa ngazi za mishahara ya kitaifa wana hesabu yao ya chini zaidi. Siku hiyohiyo mlango wa wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani, kazi ambayo huku tunaiita *caregiver*, ulifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza.

Kwa hiyo tangazo linalosema leo kwamba caregiver anatakiwa Uingereza, viza ipo, Kiingereza si lazima, ni la uongo kuanzia neno la kwanza. Mpishi wa kawaida hapiti. Dereva wa lori hapiti. Kama kazi yako iko kundi hili, acha kutuma maombi ya Uingereza, hata kama binamu yako aliingia kwa njia hiyo mwaka 2023. Nguvu hizo zipeleke kwenye nchi nyingine, au kwenye kozi itakayokuvusha.

Chanzo cha tatu kinawahusu wauguzi, wakunga na madaktari. Uingereza ina kanuni ya maadili ya kuajiri watumishi wa afya kutoka nje, na nchi zenye uhaba mkubwa, Tanzania na Uganda zikiwemo, ziko kwenye orodha nyekundu. Hospitali na mawakala hawaruhusiwi kwenda kutafuta watu huko. Ndiyo maana muuguzi wa Dodoma anamwandikia wakala wa London na hapati hata salamu. Lakini kanuni hiyohiyo haimzuii mtu mmoja mmoja kuomba kwa hiari yake, moja kwa moja kwa mwajiri. Achana na mawakala, nenda kwenye NHS Jobs, tovuti ya ajira za hospitali za umma za Uingereza, uombe mwenyewe. Kenya ina makubaliano yake na Uingereza yaliyosainiwa Julai 2021, na huko ajira hupitia mpango wa serikali hizo mbili.

CV inakuja nafasi ya nne, na hapo ndipo uiguse. Kwa Uingereza weka kurasa mbili, ondoa picha, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa na dini. Kosa ninaloliona zaidi kwa watu wetu ni kutaja mahali pa kazi bila maelezo, kana kwamba kila msomaji anapajua. Afisa ajira wa Leeds hajui Bugando ni nini. Mwambie ni hospitali ya rufaa ya kanda, ina vitanda vingapi, wodi yako ilikuwa na wagonjwa wangapi kwa zamu na wewe ulikuwa na jukumu gani.

Ujerumani hesabu ni nyingine. Hakuna orodha ya wadhamini wenye leseni; mwajiri yeyote halali anaweza kukuajiri ukikidhi masharti ya viza. Kimya cha Ujerumani mara nyingi ni lugha. Ukituma ombi la uuguzi huna Kijerumani cha B1 au B2 (ngazi za kati za lugha), hutajibiwa, hata waseme namna gani kwamba wana uhaba. Wataalamu wa kompyuta wana mwanya wao: Blue Card, kibali cha wataalamu kutoka nje, inaweza kutolewa hata bila shahada kwa mwenye uzoefu wa angalau miaka 3 ndani ya miaka 7 iliyopita, mradi mshahara unafika kiwango. Na zile habari za nafasi 250,000 za Wakenya zilizosambaa baada ya makubaliano ya Berlin ya Septemba 2024, wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilizikanusha. Makubaliano hayana idadi yoyote. Anayekuuzia nafasi kwenye idadi hiyo anakuuzia hewa.

## Dalili: usaili unakwenda vizuri, neno viza likitajwa mwajiri anapoa

Mara nyingi mwajiri hajui gharama na anadhani ni kubwa kuliko ilivyo. Msaidie kuhesabu. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2025, kampuni ndogo yenye leseni tayari inalipa tozo ya ujuzi ya pauni 480 kwa mwaka. Kwa mkataba wa miaka 3 ni 1,440, ukiongeza pauni 525 za cheti cha udhamini (CoS) inafika 1,965. Kampuni kubwa tozo ni 1,320 kwa mwaka, jumla ya miaka 3 pamoja na cheti ni 4,485. Ni pesa, lakini kwa mtu wanayemtafuta miezi sita hawampati, inazungumzika.

Cha kufanya: taja hali yako mapema, kwenye mazungumzo ya kwanza, kwa sentensi mbili tulivu. Nitahitaji udhamini wa Skilled Worker. Nimeona mna leseni. Kazi hii iko kwenye msimbo fulani wa kazi zinazoruhusiwa na mshahara mliotangaza unafika kiwango. Mtu anayeyajua haya anamwondolea mwajiri mzigo wa kuyatafuta. Anayesema tu "nahitaji viza" anamwachia mzigo wote, na mwajiri ataenda kwa asiye na mzigo.

Chanzo cha pili ni mshahara kupungukiwa kidogo. Hapa uliza wazi kama wanaweza kuufikisha. Ila usikubali kamwe mpango wa kuandikiwa mshahara mkubwa kwenye karatasi na kurudisha tofauti kwa mkono kila mwezi. Hilo ni kosa la jinai kwake, na viza yako ndiyo itakayokatwa.

Chanzo cha tatu, mwajiri hana leseni. Kuiomba inawezekana, lakini kampuni ambayo haijakufahamu ni nadra kuingia kwenye usumbufu huo. Sema asante, songa mbele.

Marekani iweke pembeni kwanza isipokuwa una sababu nzito. H-1B, viza yao ya wataalamu, ina kikomo cha nafasi 85,000 kwa mwaka na huenda kwa bahati nasibu, na agizo la Septemba 2025 liliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Mwajiri wa kati akikuambia hapana, si kwamba hakupendi.

## Dalili: ofa imekuja haraka, na inadai pesa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanauza viwanja.

Ujumbe wenyewe huwa hivi, WhatsApp, saa za jioni: "Dada, nafasi zimebaki tatu tu. CoS yako iko tayari, mwajiri amesaini. Tuma nusu leo tuishike, nusu nyingine viza ikitoka." Chini yake kuna PDF yenye nembo ya kampuni, mhuri mwekundu na saini.

Kipitie taratibu. Nafasi zimebaki tatu: mwajiri wa kweli ana tarehe ya mwisho ya maombi, hana mnada. CoS yako iko tayari, ilhali hujawahi kufanyiwa usaili na mtu unayemwona uso, anayekuuliza kuhusu kazi yenyewe: hakuna mwajiri anayetumia maelfu ya pauni kwa mtu ambaye hajamsikia akiongea. Na hiyo PDF, hata iwe na mihuri mingapi, si CoS. Cheti cha Udhamini cha Uingereza ni rekodi ya kielektroniki ndani ya mfumo wa Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya huko. Unachopewa wewe ni namba ya kumbukumbu na maelezo ya kazi, kisha una miezi 3 ya kuitumia kuomba viza. Mhuri hauiongezei chochote.

Ukaguzi mwepesi, ufanye kabla hujatuma hata shilingi. Tafuta kampuni kwenye orodha ya leseni. Chukua namba ya simu kwenye tovuti yao, si ile uliyotumiwa, upige uombe kuongea na idara ya ajira, uwatajie jina lako na nafasi. Angalia anwani ya barua pepe: idara ya ajira ya hospitali haitumii Gmail. Dakika ishirini za simu ya nje ni nafuu kuliko unachoombwa.

Kuna aina mbaya zaidi, ambayo ukaguzi huo hauigundui: kampuni ya kweli, leseni ya kweli, CoS ya kweli, ila kazi hakuna. Imeuzwa. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 kwenye sekta ya huduma ya wazee na wagonjwa. Waliokuwa wamenunua walifika, wakakaa chumba kimoja watu wengi wakisubiri zamu ambazo hazikuja. Alama ya aina hii ni moja tu, bei. Udhamini hauuzwi. Tozo ya ujuzi ni ya mwajiri kisheria, na tangu mwisho wa Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kukubebesha wewe ada ya CoS wala ya leseni yake. Kanada ni hivyohivyo: ada ya LMIA (kibali cha mwajiri kuajiri mgeni), dola 1,000 za Kanada, ni ya mwajiri na haruhusiwi kukukata. Imarati nazo sheria ya kazi inakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri.

Unachopaswa kulipa wewe kinajulikana: pasi, mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu, ada ya viza, na bima ya afya ya wahamiaji ambayo Uingereza ni pauni 1,035 kwa mwaka (wenye viza ya Health and Care, ile ya watumishi wa afya, hawailipi). Vyote hivyo unalipa moja kwa moja kwa serikali au kituo chenyewe, risiti ikiwa na jina lako. Pesa inayopita mkononi mwa mtu wa katikati bila risiti ya namna hiyo, izuie.

Kwa kazi za Ghuba wakala anaweza kuwepo kihalali, ila lazima awe na leseni inayoishi leo. Kenya hakikisha kwa National Employment Authority. Tanzania uliza kwa Kamishna wa Kazi au TaESA, wakala wa ajira wa serikali. Uganda kuna mfumo wa EEMIS wa wizara ya kazi. Ofa ya Imarati ina namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya wizara yao, MOHRE. Na ukiambiwa uingie Dubai kwa viza ya utalii kazi utaikuta huko, hiyo viza hairuhusu kazi, na ukikamatwa ni wewe.

Simama kabisa ukiona ofa ya kazi ya huduma kwa wateja au ya kompyuta huko Thailand, mshahara mnono, tiketi wanakulipia, ujuzi hawaulizi. Vijana wa Kenya, Uganda na nchi jirani wamevushwa mpaka Myawaddy, Myanmar, wakafungiwa kwenye majumba ya utapeli wa mtandaoni na kupigwa. Usiende hata kama rafiki aliyetangulia anakuhimiza. Wapo waliolazimishwa kuita wenzao.

Kama umeshalipa, acha kulipa leo hii. Piga mtandao wako wa simu au benki mara moja uulize kuhusu kuzuia muamala, hifadhi jumbe zote bila kufuta, ripoti polisi. Kisha jihadhari na mtu atakayejitokeza akisema anaweza kukurudishia pesa kwa ada kidogo. Huyo naye ni mwizi.

## Dalili: kila kitu kizuri, wanasema cheti chako hakitambuliki

Kwa Ujerumani, anza na anabin, kanzidata ya bure ya serikali. Tafuta nchi, kisha chuo chako. Ukiona H+ chuo kinatambulika. H- hakitambuliki. H+/- maana yake inategemea, inabidi uchimbe zaidi. Halafu tafuta shahada yako kwenye sehemu ya pili. Ikiwepo na ikalingana, chapisha kurasa zote mbili uziambatishe. Isipokuwepo usikate tamaa, haimaanishi umekataliwa. Unaomba tathmini ya cheti kwa ofisi inayoitwa ZAB, na utalipa ada. Kazi zinazodhibitiwa kisheria kama udaktari na uuguzi hazipiti hapo. Zinapita mamlaka ya jimbo, ambayo huweza kukutumia barua ya mapungufu: umekubaliwa nusu, nusu iliyobaki utaimaliza kwa mafunzo au mtihani ukiwa kule. Barua hiyo ina thamani. Nimeona watu wakiitupa wakidhani ni ya kukataliwa, wakati ni hiyohiyo inayoombewa viza.

Kwa wauguzi wa Ghuba mkwamo mkubwa ni DataFlow, wanaohakiki vyeti kwa kuviandikia chuo na baraza. Ripoti ikikaa muda mrefu, tatizo kwa kawaida halipo Dubai wala Doha. Barua pepe imelala kwenye kompyuta ya ofisi ya msajili wa chuo chako. Nenda mwenyewe, na namba ya kumbukumbu ya ombi, ukae hapo mpaka wajibu.

Chanzo kinachodharauliwa ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo matatu, pasi ina tahajia nyingine. Weka Mwajuma na Mwanajuma mbele ya afisa wa nje, kwake ni watu wawili. Tengeneza kabla ya kuomba chochote, kwa kiapo cha wakili au deed poll (hati ya kubadilisha jina), na ikiwezekana badilisha pasi ifuate vyeti. Ukianza kurekebisha viza ikiwa tayari imeombwa, umechelewa.

## Dalili: ofa ni halali, viza imekataliwa

Soma barua ya kukataliwa yote, mara mbili, kabla hujaomba upya. Sababu huwa imeandikwa.

Za kawaida ni za nyaraka. Cheti cha kifua kikuu hakikuwepo, au kimepitwa na miezi 6, au hakikutoka kituo kilichoidhinishwa. Akaunti haikukaa na pauni 1,270 kwa siku 28 mfululizo, na mwajiri hakuweka alama ya kukudhamini matumizi ya mwanzo (mwombe aweke, ni kisanduku tu kwenye mfumo). Mtihani wa Kiingereza ni wa aina isiyokubalika: IELTS ya kawaida si ile ya UKVI (ya maombi ya viza za Uingereza), na tangu 8 Januari 2026 waombaji wapya wa Skilled Worker wanatakiwa ngazi ya B2. Muuguzi aliyekwisha kupimwa Kiingereza na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, halazimiki kurudia.

Kukitokea kosa la afisa, una siku 28 za kuomba mapitio ukiwa nje ya Uingereza. Kosa likiwa lako, mara nyingi ni haraka zaidi kurekebisha na kuomba upya, ila uliza mwajiri kama CoS inahitaji kutolewa mpya.

Simama, usiombe tena peke yako, ukikuta barua inataja udanganyifu au hati ya kughushi. Kwa Uingereza hilo linaweza kukufungia kwa miaka 10, na ombi la pili lililojazwa kwa hasira linaongeza ushahidi dhidi yako. Wengi wa waliokutwa na hili walijaziwa fomu na wakala na hawakuwahi kuiona. Dai nakala ya kila kilichotumwa kwa jina lako, kisha tafuta wakili wa uhamiaji.

## Dalili: umefika, na mambo siyo yale

Kazi ni tofauti na mkataba, zamu hakuna, au mwajiri amepoteza leseni. Uingereza, leseni ikifutwa, Home Office hukuandikia na kwa kawaida unapewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Anza kutafuta ukisikia tetesi, usisubiri barua. Usihamie kwa mwajiri mpya kabla viza mpya haijakubaliwa, hata akikuambia aanze kukulipa mkononi. Weka nakala za mkataba, hati za mshahara na ratiba za zamu nje ya simu ya kazi.

Ghuba, wa kwanza kuchukuliwa huwa ni pasi. Sheria za Saudia, Qatar na Imarati zinakataza mwajiri kuishikilia. Kabla hujapanda ndege, piga picha za pasi, viza na mkataba, umtumie mtu mmoja wa nyumbani mwenye akili timamu, pamoja na namba ya ubalozi wetu. Ukinyimwa chakula, ukipigwa au ukifungiwa, usijadiliane na wakala. Piga ubalozi na polisi wa huko, na yule wa nyumbani aende kwa mamlaka ya ajira iliyompa wakala leseni, maana leseni hiyo ndiyo anachokiogopa kukipoteza.

Mshauri wa uhamiaji naye akaguliwe. Uingereza ni kosa kutoa ushauri huo kwa malipo bila kusajiliwa na Immigration Advice Authority au kuwa mwanasheria anayeruhusiwa. Jina lake litafute kwenye rejesta yao. Kanada rejesta ni ya College of Immigration and Citizenship Consultants. Ujerumani kuna ofisi za Faire Integration, zinamshauri mfanyakazi mgeni kuhusu mkataba na haki zake bila malipo. Wapigie hao kabla ya kumpigia yule uliyeonyeshwa na aliyekupeleka.